Swafiya Alikuja Ijumaa

Siku pikapu ilipokuja kuchukua madaftari, Mukabalisa aliyapakia mwenyewe. Yalikuwa madaftari makubwa ya chumba cha wajawazito, majalada ya bluu yaliyolika pembe, na ndani yake mlikuwa na mwandiko wake wa miaka mingi: nani alikuja, saa ngapi, presha ngapi, mtoto alilia au hakulia. Dereva akamuuliza yanapelekwa wapi.

"Wewe ndiye dereva," akamjibu, "unaniuliza mimi?"

Dereva akacheka. Yeye hakucheka. Kuanzia wiki ile kila mgonjwa wa kituo kile cha afya cha Gisozi, Kigali, angeingizwa kwenye mashine, ile kompyuta mpya, na asiyeingizwa kwenye mashine hakuja. Ndivyo waraka ulivyosema, na waraka ulibandikwa mlangoni kwa gundi ya maji, palepale ulipobanduliwa waraka uliotangulia.

Nyaraka Mukabalisa alizijua kama mkulima anavyowajua nzige: kila kundi na mwaka wake. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, mtoto wa wakimbizi wa zamani, akarudi nchini mwaka tisini na sita akiwa na begi moja na Kiswahili kitupu. Wakamwambia uuguzi unafundishwa kwa Kifaransa. Akaikariri mifupa yote ya mwili wa binadamu kwa Kifaransa, kama mtoto anavyokariri sala asiyoielewa, wakampa cheti chao cha A2, kile cha ngazi ya sekondari, wakamwambia sasa wewe ni muuguzi kamili, nenda ukaokoe watu. Akaenda. Miaka ikapita, wakasema Kifaransa basi, fomu zote ni Kiingereza. Akaanza upya na kichwa chenye mvi. Kisha wakasema A2 haitoshi tena, mwenye A2 akasome chuo apande awe A1. Akaomba ruhusa ya kwenda kusoma. Akajibiwa kwamba kituo hakina mtu wa kuziba nafasi yake. Akaomba mara ya pili, na ya tatu, na mara zote alikuwa hana mbadala, nguzo ya kituo, mama yetu sisi sote. Sasa waraka huu wa mwisho ulimuuliza kwa nini hakusoma.

Haki isemwe: haukuwa waraka wa kijinga wote. Wapo wauguzi waliowahi kumkalia mgonjwa mpaka akawafia mikononi, na wapo waliokuwa wakimtuma hospitali kila mwenye mafua ili wao wapate kukaa. Lakini mwandika waraka huwawazia hao tu, na dawa anayowapikia hao hunyweshwa kila mtu. Basi waraka ulisema muuguzi wa A2 apime, aandike, ashauri, ila asimhamishe mgonjwa kwenda hospitali. Karatasi ya kumhamisha, ile ambayo watu wote wanaiita transferi, ingetoka kwenye mashine tu, kwa namba ya siri ya mwenye A1 au ya mkuu wa kituo. Na kila transferi ambayo hospitali ingeiona haina maana ingekipunguzia kituo pointi.

Mukabalisa alikuwa tayari ana barua mbili. Wanaofanya kazi serikalini wanaijua barua ya maelezo: mkubwa anakuandikia ujieleze kwa nini umefanya ulichofanya, nawe unajieleza kwa adabu, unamshukuru kwa kukukumbusha, na barua inalala kwenye faili lako kama nyoka darini. Barua zake zote mbili zilihusu akina mama aliowatuma hospitali kwa mkono wake, na hospitali ikawakuta wazima. Ya tatu ingekuwa ya kumwachisha kazi, akiwa amebakiza miaka sita astaafu.

Sasa sikiliza mambo ya Ijumaa ile.

Aurore, msichana mwenye A1, ndiye peke yake aliyekuwa na namba ya siri katika chumba cha wajawazito. Kutwa nzima alikuwa hotelini, yeye na mkuu wa kituo, Cassien, wakifundishwa namna ya kuitumia mashine ile ile. Mashine ilikuwa imeletwa mwezi mmoja kabla ya mafunzo yake, lakini hilo lisimshangaze mtu. Asubuhi Aurore alipita kituoni kuchukua koti, akasimama mlangoni.

"Mama, leo uko peke yako. Akija mtu wa kupimwa tu, mpime, umpange Jumatatu. Kikiungua kitu nipigie."

"Na nikipiga usiposhika?"

"Nitashika, mama! Nisiposhika nitakuwa nimekufa," Aurore akasema, akakimbilia moto, pikipiki ya kukodi iliyokuwa ikimsubiri langoni.

Hakuwa amekufa. Simu za wauguzi zilikusanywa kwenye boksi mlangoni mwa ukumbi, ili wasome kwa makini.

Saa saba mchana, wanaume wa mtaani wakiwa msikitini, akaingia Swafiya. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini kasoro, mimba ya miezi minane, na nyumba yake iko juu ya karakana za mbao za Agakiriro, ngazi mia kutoka barabarani. Alikuwa amezishika ndala mkononi.

"Muganga, niangalie miguu yangu," akasema akikaa. "Imekuwa maandazi. Leo nimeshindwa kukanyaga cherehani. Mguu unakanyaga, sindano haitaki."

"Na mumeo anasemaje?"

"Kabera? Kabera anagombana na cherehani tangu tuoane. Anaiita mume mwenzake." Wakacheka wote wawili, kisha Swafiya akashika paji la uso kama mtu aliyegongwa. "Alhamisi aliniambia nije hapa, nikamwambia sina kitu. Basi leo nimetoroka akiwa msikitini. Usimwambie. Akijua naumwa ataifungia ile mashine kabatini, na nina sare za shule ishirini na mbili hazijapata vifungo."

"Kichwa kinauma tangu lini?"

"Tangu jana. Na macho, sijui niseme nini. Naona cheche. Kama zile za wachomeleaji kule chini, lakini hakuna mtu anayechomelea."

Mukabalisa akaacha kucheka. Akamfunga kitambaa cha presha mkononi, akasikiliza, akakifungua, akakifunga tena mkono wa pili. Mia na hamsini na nane kwa mia na nne. Akampa kikopo. Kijiti kilipochovywa kwenye mkojo kikageuka kijani kibichi, na rangi ile Mukabalisa hakuhitaji Kifaransa wala Kiingereza kuisoma. Alikwisha kuwaona wanawake wanne wa namna hii katika maisha yake. Watatu aliwafikisha hospitali kwa kuandika kwenye kipande chochote kilichokuwa karibu. Mmoja wao alimwandikia nyuma ya kalenda ya kanisa, na daktari akaisoma kalenda, akampokea mtu. Wa nne ndiye aliyechelewa.

Akaenda kwenye mashine. Akaandika jina. Mashine ikamuuliza yeye ni nani. Akaandika namba yake, na kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu kwamba hana ruhusa ya kufungua ukurasa huo. Hata kumlaza Swafiya kitandani kulitaka ukurasa huo huo. Akampigia Aurore, simu ikaita mpaka ikachoka. Akampigia Cassien; wakubwa hawakuwa wamenyang'anywa simu zao.

"Mama, niko darasani," Cassien akanong'ona.

"Nina mwanamke hapa, wiki ya thelathini na nne. Presha, protini, kichwa kinampasua, anaona cheche. Nipe namba yako ya siri nimwandikie transferi."

"Namba ya siri haitolewi kwa simu, mama. Ndicho kitu tunachofundishwa hapa sasa hivi."

"Basi toka huko uje."

"Presha ngapi?"

"Mia na hamsini na nane."

"Mwongozo unasema mia na sitini."

"Cassien, na cheche?"

"Cheche hazipimwi, mama." Kisha sauti ikalainika, na sauti ya mkubwa ikilainika ndipo mtu ashike roho yake. "Nisikilize. Una barua mbili. Ya tatu mimi siwezi kuizuia, inatoka juu. Wakaguzi wanakuja Jumanne. Mpe vidonge vya presha, apumzike, Jumatatu alfajiri Aurore atamwona. Siku mbili tu. Sawa, mama?"

Hapo ndipo penyewe. Mwaka elfu mbili na tatu Mukabalisa angechana karatasi, angeandika, angesimama barabarani akasimamisha gari la mtu yeyote. Mwanamke yule wa elfu mbili na tatu alikuwa hana barua hata moja. Huyu wa sasa aliviangalia vidonge kwenye kiganja chake, akamwangalia Swafiya aliyekuwa akijipepea kwa ndala, akasema, "Meza hivi, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Lala ubavu wa kushoto. Jumatatu uwe wa kwanza mlangoni."

"Nisiende hospitali leo leo?"

"Bila transferi, bima ya mituweli haifanyi kazi kule."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na lilikuwa la uongo. Aliyezidiwa hapaswi kuulizwa karatasi katika mlango wa hospitali. Kadi ya bima haihusiki na mtu anayekufa. Mukabalisa alilijua hilo zaidi ya alivyolijua jina la kanisa lake. Ilitosha aseme: mwanangu, usilale, panda moto sasa hivi, ukifika useme umezidiwa. Lakini kule wangemuuliza nani amekutuma, na Swafiya, kwa mdomo wake ule usiojua kuficha, angesema. Neno likafika kwenye meno, likarudi.

"Jumatatu basi," Swafiya akasema akiinuka. "Afadhali. Nitamaliza vifungo."

Hakuna aliyeandika kwamba alikuja. Karatasi zilikwisha kupigwa marufuku, na mashine ilikuwa imekataa.

Jumamosi saa nne asubuhi Swafiya alianguka kutoka kwenye kiti cha cherehani, akakakamaa, akatoa povu, akatikisika mpaka kiti kikapinduka. Majirani wakajaa. Na wakafanya kosa ambalo katika mji huu kila mtu angelifanya: walisema ni kifafa, na kifafa Kigali hupelekwa Ndera, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, hata mtoto mdogo anajua. Palikuwa na hospitali ya kawaida karibu zaidi, kule bondeni, dakika kumi. Kabera aliitwa kutoka Agakiriro akiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, wakampakia mkewe kwenye gari la jirani, wakaipa mgongo hospitali ya bondeni, wakashika njia ya mashariki kuvuka mji mzima. Hawakufika. Alikata roho gari likiwa limesimama kwenye taa, likingoja nyekundu igeuke kijani. Mtoto alikuwa bado tumboni mwake, akazikwa naye alasiri ile ile, kama ilivyo desturi ya Waislamu, hawamlazi maiti.

Jumatatu, katika kikao cha asubuhi, Cassien alisoma jina kutoka kwenye simu yake. Aurore akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameshamwona Swafiya katika mwezi wa saba wa mimba, na hiyo ndiyo ziara ya mwisho iliyokuwa kwenye mashine.

"Hakurudi tena," Cassien akasema, "na hili ndilo tatizo la elimu katika jamii."

Mukabalisa alikuwa akiangalia viatu vyake vyeupe. Kikao kilipokwisha akamfuata ofisini, akafunga mlango.

"Ni yule wa Ijumaa."

"Yupi wa Ijumaa?"

"Niliyekupigia simu."

Cassien alikuwa akipanga mafaili ya wakaguzi, rangi kwa rangi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne na nyumba isiyoisha kujengwa huko Busanza, na aliingia ualimu kabla ya kuingia afya, kwa hiyo aliogopa alama kuliko alivyoogopa Mungu. "Ulinipigia kuhusu mwanamke mmoja mwenye presha," akasema. "Hukunitajia jina. Kwenye mashine Ijumaa hakuna mtu. Mama, mimi nakuonea huruma wewe. Unataka nifungue nini?"

"Alikuja, Cassien. Alikaa pale. Alibeba ndala mkononi."

"Na wewe ukamrudisha."

Akaitamka polepole, bila ukali, kama anayemwekea mtu mzigo kichwani na kuurekebisha ukae sawa. Cassien akavuta mtoto wa meza, akatoa fomu: kurasa tatu, za karatasi. Karatasi ilikuwa marufuku kwa walio hai. Kwa maiti ilikuwa bado ipo.

Ni utaratibu: mwanamke akifa na mimba nje ya hospitali, muuguzi huenda nyumbani kwa wafiwa akiwa na maswali yaliyochapwa, na mwisho wa maswali pana visanduku vitatu vya kuchagua. Ucheleweshaji wa kwanza: mgonjwa au familia walichelewa kuamua. Wa pili: njia au gari. Wa tatu: wahudumu wa afya.

"Utakwenda wewe, Jumatano, matanga yakishaisha," Cassien akasema. "Ni watu wa Kiswahili, wanakuheshimu. Kisanduku ni cha kwanza. Mume mwenyewe ameshasema hivyo kwa kiongozi wa mtaa, kwamba alimwambia aende akakataa. Mimi sikwambii utunge uongo. Andika watakachosema wao."

Nje, Aurore alikuwa amemsubiri karibu na bomba. Macho yalikuwa yamemvimba. "Mama, simu yangu ilikuwa kwenye boksi lao mpaka saa kumi na moja, ndipo nikaona umepiga. Nikafikiri... sikupiga. Nilifikiri kama ni jambo kubwa ungetuma ujumbe."

"Hata mimi nilifikiri," Mukabalisa akasema.

"Usiseme, mama. Ukisema hatarudi. Umebakiza miaka sita."

Wakaguzi walikuja Jumanne na kamera. Wakaandika kwamba transferi zimepungua kwa nusu, wakapiga picha na wafanyakazi wote mbele ya ukuta mpya. Mukabalisa alisimama mstari wa mbele kwa sababu ni mfupi.

Jumatano akapanda ngazi. Huko chini Agakiriro misumeno ilikuwa inalia kama kawaida, na njia nzima ya kupandia ilinuka mbao mbichi na vanishi. Kabera alikuwa nyumbani, amekaa kwenye ubao uani, ndevu za siku nne. Mama yake, Mwamini, alikuwa anaanua nguo. Wakamkaribisha mgeni kiti cha plastiki, chai ya tangawizi ikaja kabla hajatamka alichokifuata. Cherehani ilikuwa ndani, mlango wazi, imefunikwa kwa shuka.

"Poleni sana," Mukabalisa akasema. "Nimekuja na maswali ya serikali."

"Uliza, mama," Kabera akasema. "Tumeshaulizwa na wengi. Kiongozi wa mtaa ameuliza, majirani wameuliza, hata anayeuza makaa."

Akauliza umri. Akauliza mimba ya ngapi. Ya pili, wa kwanza ni Gaju, ana miaka sita, yuko kwa shangazi yake. Akauliza kama marehemu alikuwa na ugonjwa wowote kabla. Hapo Mwamini akalibwaga taulo kwenye beseni.

"Andika kifafa!" akasema. "Sisi tulioa mgonjwa, dada. Watu wa kwao walituficha. Sasa nani atamtaka Gaju akikua? Juzi tu nimeona jirani anamwondoa mtoto wake wasile sahani moja. Nimewaambia majirani wote ukweli, wasije wakasema ni sisi tumemroga."

"Mama, tafadhali," Kabera akasema.

"Tafadhali nini? Alianguka, hakuanguka? Mkaidi yule, Mungu amrehemu. Mwanangu alimwambia Alhamisi nenda kituo cha afya, akasema hana kitu. Alikipenda kile chuma kuliko tumbo lake."

Kabera aliangalia mikono yake. "Kweli nilimwambia," akasema. "Nilimwambia mara mbili. Angekwenda... Sijui. Nikilala namgombeza. Mtu amekufa, mama, na mimi usiku kucha namgombeza. Namwambia kwa nini hukunisikia? Hata dua siwezi kumwombea vizuri, hasira inatangulia."

Swali la kumi na moja lilikuwa fupi. Je, katika siku saba kabla ya kifo, marehemu alikwenda kituo chochote cha afya?

Mukabalisa alilisoma kwa sauti. Kabera akajibu kabla hajamaliza: "Hapana. Weka hapana."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Ingekuwa rahisi, na asingekuwa amedanganya. Angeandika walichosema wao, kama alivyoagizwa, akanywa chai, akashuka ngazi na miaka yake sita. Mwanamke aliyekufa hangepinga. Angebaki mkaidi, angebaki mwenye kifafa, na mumewe angeendelea kumgombeza gizani mpaka aoe mwingine.

"Alikuja," Mukabalisa akasema.

"Nani?"

"Swafiya. Alikuja Ijumaa, saa saba, ulipokuwa msikitini. Alikusikia. Alikuja kwa miguu, amebeba ndala mkononi kwa sababu zilikuwa hazimwingii."

Mwamini akasimama na shati mkononi.

"Nilimpima mimi. Alikuwa na presha ya mimba. Kule kuanguka si kifafa, baba, hakuwa na kifafa, wala Gaju hana. Ni presha hiyo ikipanda kichwani, inampata mtu yeyote mwenye mimba. Ningeweza kumpeleka hospitali siku ile, wangemchoma sindano, wangemtoa mtoto. Nilijua. Mashine ilinikataa, mkubwa wangu akakataa, na mimi nikaogopa kufukuzwa. Nikamwambia arudi Jumatatu."

Msumeno mmoja kule chini ukanyamaza, mingine ikaendelea.

"Aliuliza?" Kabera akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliuliza kwenda?"

"Aliuliza. Alisema, nisiende hospitali leo leo? Nikamjibu kwamba mituweli haitafanya kazi."

"Sisi tungeuza hiyo cherehani. Tungeuza mlango wa nyumba."

"Najua."

"Hujui!" Akasimama, na ubao aliokuwa amekalia ukaanguka. Mukabalisa akangoja kupigwa; kwa kweli alitamani apigwe, imalizike. Kabera akazunguka ua mara moja, akarudi, akasimama juu yake. "Andika basi. Si una karatasi? Andika hapa nikiona."

Akaandika. Kwenye swali la kumi na moja akaandika ndiyo. Palipoulizwa jina la mhudumu aliyempokea, akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa. Akafika kwenye visanduku. Alitafuta kisanduku cha waraka, hakikuwepo. Wala cha boksi la simu, wala cha pointi, wala cha darasa la hotelini. Waliotunga fomu walikuwa wamegawanya lawama yote ya dunia kati ya mgonjwa, barabara na muuguzi. Akakitia alama cha tatu, kisha pembeni, kwenye nafasi nyeupe isiyoruhusiwa kuandikwa, akaandika kwa mwandiko mdogo saa aliyompigia Cassien na maneno aliyojibiwa, hata yale ya kwamba cheche hazipimwi. Akaijaza nafasi nyeupe ya ukurasa ule, akapindua, akaendelea nyuma.

"Watakufukuza?" Kabera akauliza.

"Ndiyo."

"Vizuri," akasema, na hakukuwa na chuki katika kulisema kwake, wala msamaha. Akaingia ndani, akafunga mlango, na kupitia mbao wakamsikia akilia. Alilitaja jina la mkewe, safari hii bila kugombeza.

Mukabalisa akakunja fomu, akainuka. Mwamini alikuwa bado amesimama njiani, shati limemkunjamana kifuani.

"Unakwenda wapi?"

"Nashuka, mama."

"Hushuki." Akamshika mkono wa juu, kwa nguvu ambayo mtu asingeitegemea kwa bibi wa miaka ile. "Mimi nimepita nyumba kumi na moja, dada. Nyumba kumi na moja nimesema yule binti alikuwa na kifafa, kwamba alikuwa mkaidi, kwamba tulidanganywa. Mdomo huu. Nikienda mimi kuwaambia vingine, watasema bibi anaficha aibu. Utakwenda wewe, na hiyo nguo yako nyeupe."

"Nimeshaandika, mama. Itasomwa huko juu."

"Huko juu ndiko anakokwenda kuolewa Gaju?"

Mwamini akamvuta mpaka kwa jirani wa kwanza, mlango wa bati, akagonga kwa ngumi. Mwanamke mmoja akatoka akifuta mikono kwenye kitenge, na nyuma yake wawili wengine waliokuwa wakichambua maharage.

"Huyu hajui Kiswahili," Mwamini akasema. "Mwambie kwa Kinyarwanda. Sema kwa nguvu, na yule wa nyumba ya juu asikie."

Mukabalisa akapaza sauti. Akaanza tangu Ijumaa, saa saba mchana.